Fundi Anajibu: Gari Linalotetemeka Ukikanyaga Mafuta

Barua zilizotufikia kuhusu magari yanayotetemeka zimekuwa nyingi kiasi cha kutufanya tuitoe safu nzima ya toleo hili kwa jambo hilo moja. Tumechagua nne. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu, kwa sababu mwandishi wake ameeleza dalili kwa uangalifu ambao mafundi wengi hawaupati kwa wateja wao, na kwa sababu mengi yaliyomo katika jibu lake yatawafaa pia wale walioandika baadaye.

SWALI: Assalamu alaykum Maalim. Nina gari aina ya Toyota IST la gia otomatiki, nililolinunua likiwa limeshatumika. Tangu masika yamalizike, gari hili linatetemeka ninapokanyaga mafuta, hasa ninapopanda milima ya njia ya Mkoani kuja Chake nikiwa nimepakia watu. Mtetemo huanza kwenye kilomita 40 kwa saa na huzidi nikifika 60. Nausikia zaidi kwenye kiti na sakafuni kuliko kwenye usukani, na gari zima huwa kama linasukumwa kulia na kushoto. Nikiachia mafuta hutulia papo hapo. Nimeshafanya balansi na alaimenti, nimenunua tairi mbili mpya za mbele, na plagi zote nne zimebadilishwa, lakini hali ni ile ile. Fundi wangu sasa anasema giaboksi imekwisha na niagize nyingine kutoka Dar es Salaam. Kabla sijatoa fedha hizo ningependa kusikia kauli yako.
M.S., Wete, Pemba

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullah, ndugu yangu. Fedha zako zibaki mfukoni kwanza. Huenda giaboksi ikawa na kosa lake, lakini kwa dalili ulizozitaja haistahiki kushukiwa mwanzo, na kile kinachostahiki kushukiwa mwanzo kinaweza kukaguliwa kwa asubuhi moja chini ya mwembe, kwa jeki, spana chache na tochi.

Kila mtetemo wa gari una kitu unachokitii, na nusu ya kazi ya kutafuta kosa ni kukijua kitu hicho kabla ya kushika spana. Upo mtetemo unaotii mwendo wa magurudumu: huja gari likifika kasi fulani, na huendelea hata ukiondoa mguu kwenye mafuta, mpaka kasi ile ipite. Upo unaotii mizunguko ya injini: huja mshale wa mizunguko ukifika mahali fulani, gari liwe linakwenda au limesimama. Na upo unaotii mzigo, yaani nguvu inayotoka kwenye injini kwenda kwenye magurudumu: huja ukikanyaga, huzidi mlimani na abiria wakiwa wengi, na hukatika ukiachia mguu ingawa kasi ya gari bado haijabadilika. Wako, kwa maneno yako mwenyewe, ni huu wa tatu. Ndiyo maana balansi haikukusaidia, kwani gurudumu lililokosa balansi halijui kama umekanyaga mafuta au umeachia. Litatikisa vile vile. Nasikitika kwamba aliyekuuzia tairi hakukuuliza swali hilo moja kabla ya kupokea fedha.

Hata hivyo, dalili za kwenye karatasi hazitoshi, na yapo majaribio mawili ya kufanya kabla gari halijanyanyuliwa. La kwanza lifanye gari likiwa limesimama. Injini ipate moto, gia iwe kwenye P, breki ya mkono iwe imevutwa, kisha pandisha mizunguko polepole hadi 3,000 kwa dakika na uishushe polepole vile vile. Injini ikiwa tulivu muda wote huo, kosa linalotii mizunguko pekee limepungua uwezekano.

Jaribio la pili hufanywa barabarani, kwenye kipande kilichonyooka na kisicho na watu, alfajiri kabla ya watoto wa skuli hawajatoka. Mchukue mtu wa kukaa pembeni aandike, wewe uangalie njia. Nenda kilomita 60 kwa saa, kanyaga mpaka mtetemo uje, usikilize nguvu yake. Kisha rudia kwa kasi ile ile baada ya kuizuia giaboksi isipande gia ya juu, ama kwa kibonyezo cha kuzuia gia ya mwisho, ama kwa kushusha mkono wa gia hatua moja. Sasa injini inazunguka kwa haraka zaidi, ila magurudumu yanakwenda kama mwanzo. Mtetemo ukibaki na mwendo wake ule ule, injini imejitetea: kinachotikisa kinazunguka pamoja na magurudumu, lakini hukasirika pale tu kinapobebeshwa nguvu. Katika gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama IST nyingi zilizoko visiwani kwetu, kitu chenye sifa hizo mbili kwa pamoja ni shafti zinazotoka kwenye giaboksi kwenda kwenye magurudumu, na hasa kiungo chake cha ndani, yaani sivi jointi ya upande wa giaboksi.

Kiungo hicho nakieleza kwa urefu kwa sababu watu wengi wanakijua kile cha nje tu. Cha nje, kilichoko karibu na gurudumu, kikilika hupiga kelele za kak-kak-kak unapokata kona, na kila dereva wa daladala anazijua. Cha ndani hakina kelele hizo. Ndani yake mna kikombe cha chuma chenye mifereji mitatu, na ndani ya mifereji hiyo husafiri roli tatu zilizofungwa kwenye ncha ya shafti. Gari linapopanda na kushuka kwenye matuta, roli huteleza mbele na nyuma ndani ya mifereji ili shafti irefuke na kufupika bila kulazimishwa. Baada ya miaka, kwa kuwa gari hutumia muda mwingi likiwa katika kimo kimoja, roli huchimba vijishimo mahali pamoja. Ukiachia mafuta, roli hazina mkandamizo na huteleza bila tabu. Ukikanyaga, hukandamizwa kwenye ukuta wa mfereji, zikifika kwenye kijishimo hukwama kidogo kisha huruka, na kila zinapofanya hivyo huisukuma shafti kwa urefu wake, upande wa giaboksi na upande wa gurudumu. Msukumo huo wa ubavuni ndio unaolifanya gari lako liyumbe kulia na kushoto.

Hesabu yake nayo inalingana na ulichokisikia kitini. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 60, kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa, huzunguka karibu mara 9 kwa sekunde. Kwa kuwa roli ni tatu, shafti husukumwa mara tatu kwa kila mzunguko, nayo ni kama mara 26 au 27 kwa sekunde. Tairi lisilo na balansi hupiga mara moja tu kwa kila mzunguko, kwa hiyo mpigo wake kwa kasi hiyo ungekuwa mzito na wa polepole zaidi, na kwa kawaida haujitokezi vizuri mpaka gari lifike 80 au 90.

Sasa ukaguzi wenyewe. Ziba magurudumu ya nyuma kwa mawe, nyanyua mbele, na uliweke gari juu ya stendi za chuma. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni la kuchungulia tu. Anza na mipira ya buti, ile inayofunika kiungo na kuzuia grisi isitoke, ya viungo vyote vinne. Buti likiwa limepasuka utaona grisi imetapakaa kwa duara, kwenye giaboksi upande wa ndani na kwenye rimu upande wa nje. Kwetu Pemba na Unguja buti hupata taabu ya ziada: vipande vya mawe ya kifusi hurushwa na matairi, madimbwi ya masika huacha mchanga katika mikunjo yake, na hewa ya bahari hula vibano vya chuma hadi vikaachia. Ulisema tatizo lilianza baada ya masika. Kama buti liliachia wakati ule, maji na mchanga viliingia, na grisi iliyochanganyika na mchanga hutafuna chuma badala ya kukilinda.

Kisha shika shafti karibu na kikombe cha ndani, uitikise juu na chini na uizungushe kidogo mbele na nyuma huku mwenzako ameshika gurudumu. Linganisha kulia na kushoto. Upande mmoja ukiwa na mchezo zaidi ya mwenzake, umeshapata pa kuanzia. Lakini zote mbili zikionekana kukaza, bado usizisamehe, kwa sababu kijishimo chembamba hakitoi mchezo unaosikika kwa mkono. Hapo dawa ni kutoa shafti, kulegeza kibano, kulirudisha buti nyuma na kuifuta grisi yote. Pitisha ukucha wa kidole gumba taratibu kwenye ukuta wa kila mfereji, kuanzia mdomoni kwenda ndani. Mfereji mzima ni laini kama kioo kutoka mwanzo hadi mwisho. Uliolika utaukwaza ukucha mahali pamoja, mara nyingi kwa urefu wa sentimita moja au mbili, na ukimulika kwa tochi kwa pembeni utaona alama inayong'aa tofauti na chuma kilichoizunguka. Macho peke yake huweza kuikosa alama hiyo. Ukucha ni nadra kuikosa. Jambo moja nakukataza: usitie gia na kukanyaga mafuta wakati magurudumu yananing'inia hewani ili uone kama yanatetemeka. Shafti zikining'inia hukunjika kwa pembe kubwa kuliko kawaida, kwa hiyo hata nzima zitatetemeka, na gari likianguka kutoka kwenye stendi huku magurudumu yanazunguka, hakuna wa kulizuia.

Kabla ya kununua chochote, angalia mauntingi za injini, yaani raba zinazoishikilia injini kwenye bodi, maana zina undugu na kosa hili. Raba hizo zikichoka, injini hukaa chini au huinama unapokanyaga, na ikiinama hubadilisha pembe ya shafti. Kiungo kilichoanza kulika kikikunjwa zaidi, mtetemo huongezeka. Ukaguzi wake ni rahisi. Fungua boneti, asimame mtu pembeni na si mbele ya gari, wewe kanyaga breki barabara, vuta na breki ya mkono, kisha tia D na uguse mafuta kidogo sana, halafu tia R na ufanye vivyo hivyo. Injini kusogea kidogo ni jambo la kawaida. Ikiruka na kutua kwa kishindo, kuna raba iliyokatika. Ukibadilisha shafti ukaiacha raba iliyokatika, utarudi kwa fundi ukimlaumu muuza spea.

Hiyo giaboksi uliyotajiwa nayo ina mtetemo wake, nao una tabia tofauti na ulioueleza. Giaboksi ya otomatiki hupokea nguvu ya injini kupitia konveta yenye oili, na ndani ya konveta mna klachi inayofunga gari likishatulia kwenye mwendo ili mafuta yasipotee bure. Oili ikichakaa, klachi hiyo hufunga kwa kusitasita, na dereva husikia kama anapita juu ya rasta za barabarani. Hutokea zaidi ukigusa mafuta kidogo kwenye tambarare, huku ukikanyaga sana hupotea, kwa kuwa klachi hufunguka. Wako huzidi ukikanyaga, hasa mlimani. Ukitaka kujiridhisha, mtetemo ukija kwenye barabara tupu, gusa pedali ya breki kwa mguu wa kushoto kiasi cha kuwasha taa za nyuma tu, bila kupunguza mafuta. Magari mengi huifungua klachi hiyo mara taa ya breki inapowaka. Mtetemo ukikatika hapo hapo, basi fundi wako ana hoja, na hata hivyo hatua ya kwanza ni kubadilisha oili. IST za mwanzo, za 2002 hadi 2007, zina giaboksi ya gia nne na zinatumia oili ya otomatiki; zilizofuata zina giaboksi ya mkanda, yaani CVT, yenye oili yake mbali. Kutia oili ya moja katika nyingine ni njia ya hakika ya kuufanya uongo wa fundi uwe kweli.

Ikithibitika kwamba ni shafti, una njia mbili. Kununua shafti nzima iliyotumika kutoka gari lililofunguliwa ni rahisi, mradi uifanyie jaribio lile lile la ukucha kabla ya kulipa. Muuzaji asiyekuruhusu kulifungua buti, mwache. Nenda na ile ya zamani mkononi, kwa sababu ya kulia na ya kushoto hazilingani urefu, na uhesabu meno ya ncha zote mbili, pamoja na kuangalia kama ina duara la meno la breki za ABS ikiwa gari lako linazo. Njia ya pili ni kununua kikombe kipya na roli zake, nayo ni bora ikiwa kiungo cha nje bado kizima. Mtu anayesubiri mzigo kwa boti hana nafasi ya kukosea namba ya spea, basi mpigie muuzaji picha ya ncha zote mbili na namba ya chesesi kabla hajafunga.

Katika kufunga, mambo machache huharibu kazi nzuri. Tumia grisi inayokuja pamoja na buti, yote, bila kuongeza ile ya kopo inayotumika kwenye beringi za magurudumu. Kibano kiwe kibano. Nimeona mabuti yaliyofungwa kwa waya na kwa vipande vya mpira wa tyubu, na yote yaliachia kabla mwaka haujageuka. Shafti ikitoka kwenye giaboksi oili humwagika, kwa hiyo weka sili mpya na urudishe oili ya aina ile ile kwa kipimo. Nati kubwa ya katikati ya gurudumu iwe mpya na ikazwe gurudumu likiwa chini. Mpaka kazi hii ifanyike, gari linatembea, lakini usilipakie mlimani, na ikiwa buti limekwishapasuka kabisa usiende nalo mbali.

SWALI: Nina Noah ya zamani, ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, ninayobebea abiria na mizigo yao. Nikiondoka kituoni nikiwa nimejaza, gari hutikisika chini ya sakafu mpaka nifike kama kilomita 30, kisha hutulia. Nikitoa D kutia R husikia kishindo kimoja. Je, nami nibadilishe sivi jointi?
Dereva, Bububu, Unguja

JIBU: Hapana, bwana, gari lako halina hizo unazozisoma kwenye barua ya juu. Noah zilizotengenezwa kabla ya 2001 hupeleka nguvu nyuma kwa propela, yaani shafti ndefu inayopita chini ya sakafu, na zile za kuanzia hapo ndizo zilizohamia mbele. Tikisiko la wakati wa kuondoka pamoja na kishindo cha kubadilisha gia ni dalili za kulika kwa krosi, yaani viungo vyenye umbo la msalaba vinavyoiwezesha propela kukunjika. Ziba magurudumu, tia gia huru, ingia chini, shika propela kwa mkono mmoja na mkono wa pili ushike upande wa pili wa krosi, kisha uzungushe kinyumenyume. Krosi nzima haina mchezo hata kidogo. Hapa hakuna cha kusema mchezo mdogo unasameheka. Angalia pia unga mwekundu wa kutu kwenye vikombe vyake, ambao huonyesha kwamba sindano za ndani zimekauka. Magari yenye propela ya vipande viwili yana na beringi ya katikati yenye raba, na raba hiyo ikichanika hutoa tikisiko kama hilo hilo.

Na kwa kuwa unajaza, tazama springi za nyuma. Zikiwa zimelala, ekseli hupanda, propela hukunjika kwa pembe isiyo yake, na krosi mpya nazo zitatikisa. Mwambie fundi aweke alama ya rangi kwenye propela na kwenye flenji kabla ya kufungua, ili irudi kama ilivyotoka.

SWALI: Gari langu hutulia kabisa mpaka nifike 90, hapo usukani hutetemeka mikononi, nikikanyaga au nikiachia ni sawa. Nikipita 100 hupungua. Nina wasiwasi baada ya kusikia habari za shafti.
Bi. A.H., Makunduchi

JIBU: Wasiwasi uondoke, Bibi, wako ndio ule unaotii magurudumu, na kwa kuwa uko kwenye usukani, anza na ya mbele. Kabla ya balansi, ondoa gurudumu na uangalie upande wa ndani wa rimu, kwani tope lililokauka pale linatosha kuharibu balansi iliyofanywa jana. Pitisha kiganja juu ya tairi lote ukitafuta uvimbe. Angalia kama nati zote zipo na zimekazwa kwa kuruka upande hadi upande, maana nati iliyolegea nayo hutetemesha, na hiyo haingojei kesho. Kisha soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni: tairi lililoandikwa 2319 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nyingi zinazouzwa kwetu zilishatumika ng'ambo, nazo huwa na uso mzuri juu ya mwili uliokwishazeeka. Kama usukani hutetemeka pia unapofunga breki, mwambie fundi apime na diski.

SWALI: Maalim, gari langu likipanda mlima hukata nguvu na kutetemeka, hasa asubuhi za mvua, na taa ya injini huwaka na kuzima haraka haraka. Likisimama pia hutetemeka kidogo. Fundi mmoja ameshazima taa kwa kompyuta, lakini imerudi.
Mwalimu wa skuli, Mkoani

JIBU: Injini inamisi, mwalimu. Silinda moja au zaidi haichomi mafuta yake kila wakati, na kosa hilo hujionyesha mlimani kwa sababu kadiri silinda inavyojazwa hewa na mafuta, ndivyo cheche inavyohitaji umeme mwingi zaidi kuruka. Koili, yaani kifaa kinachoipa plagi umeme wa cheche, ikiwa na ufa mdogo huweza kufanya kazi siku ya jua na kushindwa asubuhi ya mvua, umeme ukatorokea kwenye unyevu. Taa hiyo inapomweka, tofauti na inapowaka bila kuzima, maana yake ni kwamba mafuta yasiyochomwa yanaingia kwenye eksozi na kukipasha moto kupita kiasi kile chombo cha kusafishia moshi. Punguza mafuta mara moja, nenda polepole, na usilipakie gari mpaka litengenezwe.

Fundi aliyezima taa bila kukusomea namba ya kosa inayotunzwa na kompyuta ya gari amekufutia ushahidi. Safari hii omba usomewe na uandikiwe kabla ya chochote. P0300 ina maana ya kumisi kusikokaa kwenye silinda moja. P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na hivyo hivyo mpaka ya nne. Tuseme imetoka P0302, na gari lako ni la aina yenye koili moja kwa kila plagi. Injini ikiwa imezimwa, hamisha koili ya pili uipeleke kwenye silinda ya tatu na ya tatu uilete kwenye ya pili, futa namba, kisha panda mlima ule ule. Ikija P0303, kosa limehama na koili, basi nunua koili moja tu. Ikirudi P0302, koili hazina hatia. Fungua plagi ya silinda hiyo uangalie, na plagi ikiwa nzima, nenda kwenye nozeli yake, ile inayopuliza mafuta, halafu upime mgandamizo wa silinda.